Sindano Kabla ya Ungo

Wewe unayenisoma, nichukulie kama tumekaa barazani kwangu hapa Timbwani na cherehani nimeifunika shuka, maana nikiwa nashona sielezi vizuri. Mguu unakwenda na maneno yanakwenda, na kimoja lazima kiharibike. Nimeifunika, basi. Nataka kukwambia habari ya binti wa jirani yangu, na sindano moja, na siku niliyoingoja miaka mingi ambayo haikunifikia. Ukiona sijafafanua mahali, nistahimilie. Huwa narudi nyuma.

Nianze na somo, kwa sababu huenda unakotoka hakuna. Kwetu sisi, mama hamwelezi bintiye mambo ya mwili. Si kwamba hampendi. Ni haya tu, na haya hizo zina heshima ndani yake. Msichana akishavunja ungo, yaani akiona damu yake ya kwanza, huitwa mwanamke mwingine, rafiki wa mama, jirani mwenye kuaminiwa au pengine shangazi, wakafungiwa chumbani wawili. Huyo ndiye somo. Humfunza kujisitiri, kujitwaharisha, kujua siku zake, na baadaye kabisa, mambo ya ndoa. Toka hapo wataitana somo mpaka mmoja afe. Ukikosana na mumeo humwendei mamako; wamwendea somo.

Wangu mimi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akiuza udi na kutunga vikuba vya asumini vya kuvaliwa arusini. Alikuwa haelezi jambo bila kushika kitu mkononi. Siku aliyonifungia ndani alichukua chetezo chake cha kufukizia udi, akaniwekea mbele, akasema, "Watazama majivu, wadhani kumezimika. Weka kidole." Sikuweka. Akacheka. Ndivyo alivyonianzishia habari ya mwili wangu. Na kila alipomaliza kipande kimoja alinitazama machoni, akauliza, "Umeelewa, au umeitikia tu?" Nikiwa nimeitikia tu, alirudia toka mwanzo bila kuchoka wala kukunja uso. Kama nina subira yoyote ya kumweleza mtu, nimeitoa kwake.

Alipoanza kuugua alikuwa hajazeeka. Damu ilimrudia baada ya kukoma, na hakumwambia mtu. Sisi wari wake sote tulikuwa na wa kumwendea. Yeye alikuwa hana, somo wake mwenyewe alishafariki zamani. Akazidisha vikuba tu. Alivaa shingoni, akatia ndani ya kanga, akaweka chini ya mto. Mimi nikamtania: "Somo, waolewa tena nini?" Akacheka, akasema, "Mchumba ametoka Lamu, sharti ninukie." Baadaye ndipo nilipojua alikuwa akificha harufu ya ugonjwa.

Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Tulivuka feri mara nyingi kwenda hospitali ng'ambo, kisiwani, na huko muuguzi mmoja alinieleza kwa utulivu yale ambayo sikuwa nimepata kuyasikia. Kwamba saratani hiyo huanzishwa na kirusi. Kwamba kirusi chenyewe ni cha kawaida mno, hupita baina ya mume na mke bila yeyote kujua, na mwanamke ambaye hakumjua mwanamume ila mumewe huweza kukipata vilevile. Hukaa kimya miaka, kisha siku moja huanza kazi. Na kwamba siku hizi iko chanjo, wanapewa wasichana wadogo, kabla hawajakutana nacho.

Tukirudi, somo wangu aliketi kwenye benchi la feri, kanga ameishika mdomoni. Tulikuwa karibu kufika gati ya Likoni ndipo aliposema.

"Tumewafunza kila kitu. Hili halikuwamo."

Aliondoka duniani mwaka huohuo. Mpaka leo nikipita penye asumini hugeuka, na kila nikigeuka, hayupo. Mtu aweza kumkosa mtu mwingine kama anavyokosa mkono: waunyosha uchukue kitu, kisha ndipo unapokumbuka.

Mimi Mungu hakunipa mtoto wa kike. Jirani yangu ninayegawana naye ukuta alijua hamu niliyokuwa nayo. Binti yake alipokuwa bado anatambaa chini ya cherehani yangu akiokota vitambaa, aliniambia, "Huyu ni wako. Siku yake ikifika, wewe ndiwe somo." Nikalishika neno hilo. Nilikuwa na jozi ya kanga aliyoniachia somo wangu, mpya, haijakatwa, na chetezo chake. Nikavitia sandukuni. Kila mwaka shule zikifunguliwa binti alikuja nimpime sare, na kila nikimzungushia futi kifuani nilijiuliza kimoyomoyo kama mwaka huu ndio. Wenzake wa darasani walirefuka, wakajaa, wengine wakaanza kutembea wakijifunika. Yeye alibaki mwembamba kama ufagio wa chelewa. Nami nikangoja. Kungoja kwenyewe kulikuwa na utamu wake.

Januari iliyopita alikuja peke yake, bila mamake. Nikampima, nikamwambia sketi itashushwa pindo. Alikuwa amekaribia miaka kumi na mitano. Nikamwuliza, kwa kuzungumza tu, kama zile sindano za wasichana shuleni kwao walichomwa.

"Wenzangu wamechomwa zamani. Mimi mama alinizuia nyumbani siku hiyo."

"Kwani ulikuwa mgonjwa?"

"La. Alisema ningoje mpaka nikue." Akatazama chini. "Darasani waniita kifaranga. Ati hata sindano yanikimbia."

Nikashika pini zangu midomoni. Nilijua, kwa sababu niliwahi kuuliza, kwamba chanjo hiyo serikalini hupewa wasichana wa miaka kumi mpaka kumi na minne. Akitimiza kumi na mitano, huenda tukaambiwa mlango umefungwa, tukamtafutie kwa madaktari wa kulipwa, na babake ni kibarua wa bandarini. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa inaangukia kabla ya likizo ya Aprili.

Jioni nilikwenda upande wa pili wa ukuta. Mamake alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamweleza.

"Mwenzangu," akasema, bila kuacha kukuna, "hiyo si sindano ya uzazi? Na huyu hajavunja ungo. Itamfaa nini? Si ni sawa na kumnunulia sidiria mtoto wa chekechea."

"Ndiyo hasa hupewa mapema. Mwili wa mtoto hushika chanjo vizuri zaidi, na anapewa kabla hajakutana na kirusi. Haingoji ungo."

"Mimi nilidhani ni ya waliokwisha kukua."

"Wengi wamedhani hivyo."

Akakung'uta nazi. "Haya. Na nikimpeleka, akiniuliza yachomwa kwa nini, nimwambie nini? Mimi mamake nianze kumtajia mlango wa kizazi? Wallahi nitakufa pale pale zahanati, wanizike nyuma ya choo."

"Nitamwambia mimi."

"Wewe ndiwe somo, na wakati wako haujafika."

Hapo ndipo nilipoona tumejifunga wenyewe kwa kamba. Mama hawezi kusema kwa sababu ni mama. Somo hawezi kusema kwa sababu ungo bado. Na mtoto hawezi kupelekwa bila kuambiwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya. Kila mtu alikuwa amesimama mahali pake kwa adabu, na miaka ikapita katikati yetu.

"Basi nipe huo wakati leo," nikasema.

Akaacha kukuna. Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Sikiza. Mamake mume wangu yuwataka shangazi wa mtoto, yule wa Kisauni, awe somo, toka zamani. Mimi ndiye niliyekushikilia wewe. Akisikia umemfungia mtoto ndani ukamfunza kabla ya siku yake, atasema umeharibu utaratibu, na mimi sitakuwa na mdomo. Ile siku yenyewe utaikosa. Umeelewa?"

Nilielewa. Sikuitikia tu.

Niliomba nifikirie mpaka kesho, nikarudi kwangu, nikafungua sanduku. Kanga zilikuwa zinanukia udi bado. Nilikuwa nimeshaiona siku hiyo mara nyingi kichwani: chumba kimefagiliwa, chetezo katikati, msichana ameinamisha kichwa, mimi nina la kumwambia na yeye hana mahali pengine pa kulisikia. Nilikuwa nimechagua hata maneno ya kuanzia. Na sasa nilitakiwa kuyatumia maneno mengine, mchana tu, kwa habari ya sindano, kisha nikae kando. Nikakumbuka benchi la feri na kanga mdomoni. Nikafunga sanduku.

Kesho yake binti alipokuja kuchukua sketi, nilimwita ndani na nikarudisha pazia. Sikutoa chetezo. Nilichukua kipande cha kitambaa cha sare, nikakishika mbele yake.

"Watazama ukingo huu. Waonaje?"

"Abee? Umechanika."

"Haujachanika. Umekatwa tu, haujapigwa ovaloki, ule mshono wa kuzuia nyuzi zisitoke. Ukiuvaa hivi na kuufua, nyuzi zitaanza kutoka mmoja mmoja. Hutaona mwanzoni. Utakuja kuona sketi imefumuka mpaka kiunoni. Sasa, fundi hupiga ovaloki lini? Nyuzi zikishatoka?"

"Kabla."

"Kabla ya kuvaa. Hata kama mwenye sketi hajui ataivaa lini. Sindano wanayochomwa wenzako ni hiyo." Nikamweleza kirusi ni nini, na mlango wa kizazi uko wapi, kwa maneno ya adabu lakini bila kuzungukazunguka. Nikamweleza habari ya somo wangu na vikuba vyake. Alisikiliza macho yamemtoka.

"Huko shule wasema ukichomwa huzai."

"Wanaosema hivyo, waulize wameambiwa na nani. Utamkuta kila mmoja ameambiwa na mwingine. Madaktari wameifuatilia chanjo hii nchi nyingi, na wasichana waliochomwa wamekua, wameolewa, wamezaa. Inachozuia ni ugonjwa. Uzazi haiugusi. Wala haimaanishi umeanza mambo ya kikubwa. Ni kama ile uliyochomwa ya surua ukiwa mchanga, na hakuna aliyesema una surua."

"Yauma?"

"Kidogo. Mkono utakuwa mzito siku moja mbili, pengine na homa kidogo. Umeelewa, au umeitikia tu?"

Akafikiri. "Nimeelewa. Lakini hapo pa kirusi, rudia."

Nikarudia. Ningerudia mpaka adhuhuri.

Jioni nilipita upande wa pili, nikamwambia mamake nimeshasema, na kwamba nimekubali kuikosa ile siku. Zahanati tulikwenda watatu, mamake akiwa na kitabu cha kliniki alichokihifadhi toka binti azaliwe, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Muuguzi alikuwa mwanamke wa bara, anayesema haraka.

"Huyu ako na miaka ngapi, mama?"

"Kumi na minne. Yuwakaribia kumaliza."

"Sawa, hamjachelewa. Zamani zilikuwa mbili, siku hizi tunadunga moja, isipokuwa msichana akiwa na hali inahitaji zaidi." Akapekua kitabu. "Lakini hii surua ya pili sioni. Alipata?"

Mamake akaniangalia, mimi nikaangalia ukuta. Hakuna aliyekumbuka. Mtoto akishaanza kukimbia na kula mwenyewe, sote twadhani mambo ya chanjo yamekwisha, kitabu kinatiwa chini ya godoro. Muuguzi hakutuaibisha. Alisema tu kwamba wengi huja hivyo, ndiyo maana hupenda kitabu kije hata kwa mtoto mkubwa, na kwamba hiyo nayo atatupangia.

Binti alikunja mkono wa nguo mwenyewe. Sindano ilipoingia alifunga macho, kisha akayafungua akauliza, "Imekwisha?" Mamake, aliyesema atakufa pale zahanati, ndiye aliyetoka nje kwanza akidai joto. Tuliambiwa tukae kidogo kwenye benchi waone kama hali yake ni njema. Tukakaa, yeye katikati yetu, amebana pamba mkononi.

"Mama," akasema, "somo amenieleza yote."

Alilitamka jina hilo hivihivi tu. Mamake akatazama mbele. "Huyo bado si somo wako," akasema taratibu. Kisha akaongeza, "Lakini nimesikia."

Ungo ulivunjika wakati wa likizo ya Aprili, yeye akiwa Kisauni kwa shangazi. Bibi yake alikuwa ameshapata habari ya pazia langu, na mambo yakaenda kama nilivyoambiwa yangekwenda. Shangazi ndiye aliyemfungia ndani. Mimi nilijua kwa sahani ya pilau iliyopitishwa juu ya ukuta, imefunikwa kawa, na mamake aliyesimama upande wa pili muda mrefu kuliko inavyohitajika kumpa mtu sahani.

"Niwie radhi, mwenzangu."

"Hakuna la kuwiana radhi. Mtoto mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

Nikala pilau ile peke yangu. Ilikuwa nzuri. Nilitaka kujua nani alimfunga kanga na kama alimfunga vizuri, maana yuna kiuno chembamba, nguo humteleza. Nilitaka kujua kama alicheka au alilia. Mambo hayo somo hamwambii mtu, na mimi sikuwa wa kuulizwa wala kuuliza.

Shule zilipofunguliwa alikuja. Alikuwa amerefuka ghafla na sketi imekuwa fupi. Alisimama mlangoni, kanga kichwani, anatembea kama mtu aliyebeba kitu kipya asichotaka kimwagike.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ingia nikupime."

Nikamzungushia futi. Baadaye akasema, "Shangazi amenifunza vyema. Mambo mengi."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Lakini ile ya sindano alikuwa haijui. Nilimweleza mimi. Nilichukua kitambaa."

Nikaacha kupima.

"Alinicheka kwanza. Ati mwari yuwamfunza kungwi. Nikamwuliza, shangazi, umeelewa au umeitikia tu? Akasema, hebu rudia. Ana binti wa miaka kumi na mmoja, na alikuwa amemzuia kama nilivyozuiwa mimi. Amempeleka Jumatatu."

Sikuweza kumtazama, nikajifanya natafuta chaki. Nilikuwa na hamu kubwa mtu mmoja awe yuko hapo asikie, kwenye kigoda karibu na dirisha, ananukia asumini. Ningemwambia, somo, lile sasa limo. Ningemwona akitikisa kichwa polepole.

Kanga zingali sandukuni. Mara nyingine nazitoa nikazipiga jua, nikazikunja tena kwa mkunjo uleule. Binti bado huja, na akiwa barazani mbele za watu huniita mama kama watoto wengine wa mtaa. Tukiwa ndani, pazia limerudi, mara moja moja huniita lile jina jingine. Mimi huitika chini kwa chini.

Hilo ndilo nililotaka kukwambia. Sasa nafunua cherehani, lakini wewe usiondoke mikono mitupu. Kama nyumbani mwako kuna msichana wa miaka kumi mpaka kumi na minne, usimngojee akue. Leo tafuta kitabu chake cha kliniki, popote kilipo. Kesho asubuhi kichukue, umshike mkono, mwende zahanati iliyo karibu nanyi, umwulize muuguzi mambo mawili: kama amepata chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na kama kuna nyingine yoyote iliyompita. Kama kitabu kimepotea, nenda vivyo hivyo. Na kama una mvulana wa umri huo, mchukue naye akaangaliwe zake. Njiani, waeleze ni ya nini. Wakikwambia urudie uliposema, warudilie.